Mikono ya Sekela

Sekela alisahau breki iko wapi siku ileile waliyoshinda Mbeya.

Watu walikuwa wamejaa kwenye kingo za uwanja wa ndege wa zamani, makoti yamefungwa mpaka shingoni, kwa maana ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Loleza tangu asubuhi na lami ilikuwa imelowa. Magari mawili yalitokea mwisho wa uwanja, la mbele jekundu, la nyuma jeupe. Yalipofika kwenye kona ya kwanza yote mawili yalitupa mkia nje yakaenda ubavu ubavu, matairi ya nyuma yakilia na kufuka moshi, pua zimeelekezwa ndani ya kona. Kati ya bampa la gari jeupe na mlango wa gari jekundu palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja tu.

Katika gari jekundu alikuwamo Sekela. Katika jeupe alikuwamo mdogo wake, Gwakisa. Katika drifti ya jozi, mchezo huu wa kutelezesha magari mawili ubavu, dereva wa mbele huitwa kiongozi, na wa nyuma huitwa kivuli. Kiongozi huchora njia. Kivuli hulibandika gari lake ubavuni mwa mwenzake na kufanya kila anachofanya, na majaji hutoa alama kwa jinsi magari mawili yanavyokwenda kama kitu kimoja. Kwingine kote nchini gari lilijiendesha lenyewe, na mtu aliyekamatwa ameshika usukani barabarani alikwenda jela. Ndiyo maana watu walifurika uwanjani kwenye baridi. Walikuja kuona mikono ya binadamu ikifanya kazi.

Walimaliza kona ya mwisho, king'ora kikalia, na Gwakisa akakanyaga breki. Gari jekundu halikusimama. Lilinyooka, likapungua mwendo kidogo kwa kuwa Sekela alikuwa ameondoa mguu kwenye mafuta, likaiacha lami, likaingia katika ukuta wa matairi makuukuu na kuzimika.

Gwakisa alifika wa kwanza. Dada yake alikuwa ameketi wima, mkanda umefungwa, anaitazama miguu yake.

"Dada, umeumia?"

"Sijaumia." Alisogeza mguu mmoja, kisha mwingine. "Nilisahau breki iko wapi."

Kisha akacheka, na mafundi waliokuja mbio nao wakacheka, na baada ya muda mfupi walikuwa jukwaani wameinua kombe. Gwakisa hakucheka. Kwa misimu miwili hakuwahi kukanyaga breki kabla hajahisi kisogoni kwamba dada yake anataka kuikanyaga. Leo hakuhisi kitu. Mguu wake ulikuwa umekwenda wenyewe, kama mwenyeji wa pale.

Kilichomfanya ahisi kilikuwa uzi. Kampuni ya Mkono Mmoja iliwashonea wote wawili uzi huo, mwembamba kuliko unywele, kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, ule unaoweka mambo ambayo mwili unayajua bila kufikiri: kutembea, kuendesha, kushika kikombe. Sheria za mashindano zilikataza mashine kumsaidia dereva. Wanasheria wa Mkono Mmoja walisema uzi si mashine, kwa kuwa hauamui lolote. Unapitisha tu jambo kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Chama cha mashindano kikakubali. Tangu hapo, Sekela alipotaka kukata usukani, Gwakisa alilijua hilo kabla mikono ya Sekela haijasogea.

Kabla ya uzi, Gwakisa alikuwa dereva wa kawaida. Alikuwa na moyo, ila mikono ilichelewa. Sekela ndiye aliyekuwa bingwa, na ndiye aliyemfundisha, kwenye machimbo ya kokoto yaliyofungwa, akimpiga kofi la kisogo kila alipoangusha pipa la kuonyesha kona. Baada ya uzi walishinda Iringa, wakashinda Lusaka, wakashinda Nakuru. Na mwaka huu watangazaji walianza kulitaja jina la Gwakisa kwanza.

*

Sekela aliishi Uyole na binti yake wa miaka minane, Subilaga, katika nyumba iliyopakana na mashamba ya viazi. Mumewe alikuwa amefariki mtoto akiwa mchanga. Jumapili, baada ya ibada, Gwakisa alikuwa na kawaida ya kwenda kula kwao.

Jumapili iliyofuata ushindi aliwakuta barazani. Subilaga alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya magoti ya mama yake, nywele zimefumuliwa, kitana kimechomekwa juu. Sekela alikuwa ameshika mafungu matatu ya nywele na kuyatazama tu. Vifungo vya blauzi yake vilikuwa vimefungwa kombo.

"Mama, unaniumiza," mtoto alisema.

"Tulia."

"Umeanza zamani, na hata mstari mmoja hujamaliza."

Sekela akaziachia nywele, akaifumbata mikono yake mapajani. "Baridi," alimwambia Gwakisa. "Vidole vimekufa ganzi."

Jua lilikuwa linawaka.

"Hebu lete nimalizie mimi," alisema kwa mzaha, maana maishani mwake hakuwahi kusuka hata kamba ya mbuzi. Alivuta kigoda akakaa, akashika kitana akiwa na nia ya kumchana mtoto tu.

Kitana kikachora mstari katikati ya kichwa, umenyooka. Vidole vikachukua nywele za mbele, vikazigawa mara tatu, vikaanza kwenda nyuma, vikiokota nyingine kila hatua, wala havikuvuta sana wala havikulegeza. Gwakisa aliitazama mikono yake kama mtu anayemtazama mwingine akifanya kazi. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimeinuka, hakijikunji. Sekela ndiye aliyesuka hivyo, kwa sababu kidole chake kilibanwa na mlango wa gari akiwa msichana na hakikukunjika vizuri tena. Cha Gwakisa hakikuwahi kuumia.

Alipofunga mstari wa mwisho, Subilaga alikipapasa kichwa chake.

"Mjomba, umejifunza wapi? Umenisuka twende kilioni, ileile ya mama. Hata haiumi."

Sekela alikuwa anakitazama kile kidole.

"Subi, nenda ndani ukajiangalie kwenye kioo," alisema.

Mtoto alipoondoka, akauliza taratibu, "Tangu lini?"

"Sijui. Leo ndiyo nimeona."

"Shati unalikunja vipi siku hizi?"

Gwakisa alifikiri. Alikuwa anaanza na mikono ya shati, anaiingiza ndani kwanza. Zamani alikuwa analitupa kitini. Akakumbuka pia kwamba kwa majuma kadhaa alikuwa anakoroga chai kwa mkono wa kushoto, na Sekela alikuwa mwenye mashoto.

"Mimi nilidhani nazeeka," Sekela alisema. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

*

Daktari Kaijage wa Mkono Mmoja alikuwa mtu mpole kutoka Bukoba ambaye hakupandisha sauti kamwe, na aliyependa kuwamiminia wagonjwa chai mwenyewe. Alimpa Sekela kifungo na sindano. Alimwambia aguse pua yake, kisha aguse kidole cha daktari. Aliangalia, akaandika, akamrudishia koti lake na kumsaidia kulivaa. Gwakisa alitegemea watadanganywa. Kaijage aliwaambia ukweli bila kusitasita, na hilo ndilo lililomtisha.

"Tuliwaambia uzi unanakili," alisema. "Tuliamini hivyo. Lakini nakala ni hafifu, haimfikii mwenzako kwa wakati. Ili kivuli apate jambo kabla mkono wa kiongozi haujasogea, uzi hulikamata kwenye chanzo chake. Sasa, njia ya ubongo ni kama njia ya miguu shambani. Isipopitwa, inaota nyasi. Kwako, mama Subilaga, zinaota nyasi. Kwa Gwakisa zinapitwa kila siku."

"Yaani haunakili," Gwakisa alisema. "Unahamisha."

"Unahamisha."

"Mmelijua lini hilo?"

"Msimu uliopita tulianza kuhisi."

"Mkanyamaza."

"Mlikuwa mnashinda," Kaijage alisema. Hakuwa anajitetea. Alisema kama mtu anayejibu ni saa ngapi.

Sekela aliuliza, "Nikiacha kuendesha?"

"Uzi hautachukua zaidi. Lakini zilizobaki zinategemeana. Kwanza huondoka ustadi mkubwa, halafu vidole, halafu miguu. Kumeza nako ni ustadi, mama Subilaga. Watu hawalijui hilo mpaka siku ustadi huo unapoondoka."

"Na kilichoondoka kinarudi?"

Hapo daktari aliweka kikombe chake chini, na kwa mara ya kwanza alionekana kuvutiwa.

"Hatujajaribu. Tukigeuza uzi, kiongozi awe kivuli, kivuli awe kiongozi, njia zinapaswa kuhama upande wa pili. Ila haiwezekani mkiwa mmekaa kitini. Uzi huvuta mwili unapokuwa katika kasi na hofu. Ingebidi mwendeshe. Na uzi hauchagui, Gwakisa. Hautachukua vya dada yako ukakuachia vyako. Utakomba vyote alivyokuletea, na ulivyozaliwa navyo."

Nje ya dirisha gari tupu lilipita polepole, likasimama kungoja kuku avuke, likaendelea.

"Lakini hakuna haraka ya kuzungumza hayo," Kaijage alisema. "Mama Subilaga atapumzika, sisi tutamhudumia. Fainali ya Afrika inakuja, na Gwakisa hajawahi kuwa mzuri kama sasa. Tumemtafutia kiongozi mwingine, Otilia Mgaya, wa Njombe. Uzi anao tayari."

"Mmemwambia haya?" Gwakisa aliuliza.

"Ameweka saini."

*

Otilia alikuja uwanjani siku iliyofuata na mfuko wa matufaha ya kwao. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye sauti ya kusikika mbali, na aliendesha vizuri kuliko kiongozi yeyote aliyebaki nchini. Aliwagawia mafundi matufaha, akabaki na mawili, moja akampa Gwakisa.

"Kaka Gwakisa, nimekuwa nikikutazama tangu niko shule."

Gwakisa alimwambia yote. Alimwambia habari ya breki, ya vifungo, ya nywele za Subilaga na kidole kisichojikunja. Otilia alisikiliza huku anatafuna, mpaka alipomaliza tufaha lake akalitupa kokwa.

"Baba yangu alikuwa mgodini," alisema. "Mapafu yakaisha. Mama alichuma chai mpaka vidole vikapinda. Kila kazi inakula mtu, kaka. Hii angalau inamla huku watu wakishangilia."

"Kazi haitakula. Atakayekula ni mimi."

Otilia alimtazama vizuri sasa, bila tabasamu.

"Basi usile," alisema. "Lakini ukikataa watanipa kivuli mwingine. Na huyo hataniambia kitu."

Alimwacha Gwakisa amesimama na tufaha mkononi. Gwakisa alikwenda Uyole moja kwa moja akamwambia Sekela kwamba anataka uzi ugeuzwe.

"Sitaki," Sekela alisema.

"Kwa nini?"

"Utabaki na nini?"

"Nilivyokuwa navyo."

"Daktari amesema hauchagui. Ulikuwepo, ulisikia." Alikuwa ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili, na uji ulikuwa unacheza ndani. "Gwakisa, nimeendesha tangu sijaolewa. Nikikutazama unaingia kona, naiona mikono yangu bado inaishi. Unataka kuirudisha huku ili iweje? Huenda ikamwagika njiani tukakosa wote. Bora mmoja abaki nayo."

"Si yangu."

"Nimekupa."

"Hukunipa, dada. Ilichukuliwa."

"Basi sasa nakupa."

Ukweli, ambao Gwakisa hakumwambia dada yake, ni kwamba sehemu ya moyo wake ilifurahi. Alikuwa amewahi kujua maisha ya dereva wa kawaida. Alijua jinsi kona inavyokudharau. Sasa kila kona ilimfungukia. Njia nzima ya kurudi mjini, ndani ya gari lililojiendesha, vidole vyake vilicheza gotini vikikata usukani usiokuwapo, naye alivitazama kwa mapenzi na kwa kinyaa.

Siku mbili baadaye walikuwa wanakula ndizi na maharage. Sekela aliweka tonge kinywani, akatafuna, akasimamisha taya. Macho yakamtoka. Mkono ulikwenda shingoni ukakosa shingo, ukagonga bega. Gwakisa alimfikia akamwinamisha na kumpiga mgongoni, na mikono yake ilijua ipige wapi kwa kuwa, ilipokuwa ya dada yake, iliwahi kumpiga Subilaga hivyohivyo alipokuwa mdogo. Kipande cha ndizi kikatoka. Sekela alivuta pumzi kwa sauti kama mlango wa bati.

Walipokaa tena, Subilaga aliisogeza sahani ya mama yake upande wake, akachukua kijiko, akaanza kuzikata ndizi vipande vidogo sana, kimoja kimoja, na kuvipondaponda. Hakuna aliyemwagiza. Alifanya kazi hiyo kwa makini, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Kisha akainua kijiko.

"Fungua, mama."

Sekela alifungua. Alimeza kwa shida, akamtazama mdogo wake juu ya kichwa cha mtoto.

"Lini?" aliuliza.

*

Kaijage alikubali kabla Gwakisa hajamaliza kueleza. Alisema uwanja utafungwa kwa ajili yao, magari yatakuwa tayari, na yeye mwenyewe atageuza uzi.

Asubuhi hiyo hapakuwa na ukungu. Kwenye jukwaa ambalo siku nyingine lilibeba maelfu walikaa watu wachache waliovaa makoti mazuri, wametengana viti viwili vitatu. Hakuna aliyekuwa na karanga wala kofia ya timu. Gwakisa aliuliza ni akina nani.

"Wageni," Kaijage alisema. "Wanapenda kujifunza."

Mafundi walimvalisha Sekela glovu zilizonata kwenye usukani, kwa sababu vidole vyake havikuweza kuushika kwa nguvu. Walimfunga mkanda katika gari jeupe. Gwakisa aliingia gari la mbele, lile jekundu la dada yake, na kwa mara ya kwanza tangu ashonewe uzi mbele yake palikuwa na lami tupu, hana wa kumfuata.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia," sauti ya Sekela ilisema kofiani. "Endesha vizuri, nisiaibike."

Mzunguko wa kwanza walikwenda polepole, na bado Sekela aliangusha mapipa. Gari lake liliyumba, likazunguka mara moja nzima, likazimika. Aliliwasha tena. Mzunguko wa pili Gwakisa aliongeza mwendo, kwa kuwa pasipo hofu uzi haukuvuta, akaingia kona kubwa kwa kasi ya mashindano, akavuta breki ya mkono, akalitupa gari ubavu.

Ndipo alipohisi. Baridi ilimtoka kisogoni, nyembamba, kama maji yanayovuja kwenye mpira uliotobolewa kwa pini. Alikuwa anaijua kona, halafu alikuwa anakumbuka kwamba anaijua. Kwenye kioo aliliona gari la dada yake likiyumba, likijikusanya, kisha mkia ukatoka nje sawasawa, nadhifu, na pua ikamgeukia.

"Iko hapa," Sekela alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuta mlango wa kwao uko wazi. "Gwakisa, iko hapa."

Walizunguka tena. Kila kona Sekela alisogea, na kila kona Gwakisa alitoka kwa shida zaidi. Akaanza kuchelewa, kama zamani. Alipofika hapo alijua kwamba vya Sekela vimekwisha kuondoka, na kwamba sasa kinachovuja ni chake.

"Inatosha," Sekela alisema.

"Vua glovu moja kwa meno, ufunge kifungo cha kola. Kwa mkono mmoja, kabla kona haijafika."

Kofiani ilisikika nguo ikisuguliwa. Kisha: "Sijaweza."

"Basi bado."

"Gwakisa, inatosha. Nameza mate. Nimemeza sasa hivi, nimehisi."

"Bado, dada."

Hakuna aliyemlazimisha. Mguu wake bado ulijua mafuta yako wapi. Angeweza kuuinua, na leo hii angekuwa dereva wa kawaida kama alivyokuwa, anafungua milango na kula kwa kijiko. Alimfikiria Subilaga akiponda ndizi. Akakanyaga.

Katika kona ya mwisho gari jeupe la dada yake lilikuwa ubavuni mwake, karibu sana hivi kwamba aliweza kuuona mkono wake ukiwa kwenye kola, na kifungo kikiingia. Aliteremsha macho kwenye gia yake. Ilikuwa kitu cha chuma chenye kirungu. Alijua jina lake. Hakujua ifanyweje. Gari likaacha lami, likakwenda kwenye majani, likazama kwenye tope na kunyamaza.

Sekela alikuja mbio, na mbio zake zilikuwa zimenyooka. Alifungua mlango, akamfungulia mkanda, kwa sababu Gwakisa alikuwa anapapasa kifua kizima asipate mahali unapofungukia. Kwa nyuma, jukwaani, wale watu wa makoti walikuwa wamesimama. Mmoja alipiga makofi, taratibu, kama mtu aliye ukumbini.

*

Sekela aliung'oa uzi wake na hakuendesha tena. Alisema mikono yake ina kazi nyingine. Gwakisa alihamia Uyole. Alitembea akishika ukuta, alishika kijiko kwa ngumi, na maneno marefu yalimtoka polepole. Kumeza alimeza vizuri. Subilaga alimfundisha kufunga vifungo kwa uvumilivu mkubwa, na baadhi ya siku aliweza viwili.

Kabla viazi havijachimbwa, Mkono Mmoja walipata kibali. Mamlaka ilikuwa imekataa kwa muda mrefu uzi utumike nje ya mashindano, kwa hoja kwamba anayetoa haponi. Sasa kampuni ilileta ushahidi kwamba kilichohamishwa hurudi. Kwenye mabango ya mjini paliandikwa maneno mawili tu: *Azima. Rudisha.* Daktari mpasuaji aliyeanza kutetemeka angeweza kuazima vidole vya mshonaji. Mtoto wa tajiri angeweza kupiga kinanda jioni mbele ya wageni wa baba yake. Mzee angeweza kutembea harusini kwa miguu ya kijana. Fainali ya Afrika ilichukuliwa na Otilia Mgaya na kivuli mpya, na waliomwona jukwaani walisema alilishika kombe kwa mikono miwili na hakuliinua.

Siku Mkono Mmoja walipofungua mlango kwa wanaotaka kutoa, Gwakisa alimwomba dada yake ampeleke.

Foleni ilitoka kwenye jengo, ikazunguka ukuta, ikafika sokoni Mwanjelwa. Walikuwamo wasusi, wafinyanzi, wapiga zeze, wakunga wawili walioshikana mikono, vijana wenye miguu ya kusakata mpira. Walikuwa wametulia, kama watu wanaongoja zahanati. Gwakisa alianzia mwisho, Sekela amemshika kwapa, akiwaambia mmoja mmoja wasitoe. Wengi walimsikiliza kwa adabu wakageukia mbele.

Mwanamume mmoja wa makamo, mwenye futi ya kitambaa shingoni, alimtambua.

"Wewe si yule dereva?"

"Ndiye."

"Mimi fundi cherehani. Nimekutazama sana." Aliuangalia mkono wa Gwakisa uliokuwa unacheza wenyewe. "Pole, ndugu yangu."

"Usitoe," Gwakisa alisema. Alijitahidi kuyapanga maneno. "Hawa wanachukua... vyote. Utasahau kumeza."

"Wamesema kinarudishwa."

"Mimi nilirudisha kwa sababu huyu ni dada yangu. Atakayeazima vidole vyako hakujui. Siku ya kurudisha atakuwa na harusi. Atakuwa na safari."

Fundi alilifikiria hilo. Lilimwingia, ilionekana usoni. Aliivuta futi yake kidogo, akamgeukia Sekela, akamtazama kuanzia viatu mpaka kola iliyofungwa vizuri.

"Na dada ndiye wewe?"

"Ndiye mimi," Sekela alisema.

"Uliyekuwa huwezi kumeza."

"Ndiye."

"Ilirudi?"

Sekela alimtazama mdogo wake. Gwakisa alitafuta jibu jingine ambalo lingekuwa kweli, akatafuta tena, na watu waliokuwa karibu waligeuza vichwa wapate kusikia.

"Ilirudi," Gwakisa akasema.

Fundi aliitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa heshima, akasogea hatua moja mbele, maana foleni ilikuwa imeanza kwenda.